Kitufe Hakijui Herufi Yake

Wasikilizaji wangu, kitu ninachokusudia kukizungumza usiku huu nimekishika kiganjani hapa mbele ya maikrofoni, na kwa kuwa redio ina masikio lakini haina macho, sina budi kukieleza kwa vipimo. Ni kibao chembamba, rangi yake buluu, urefu wake milimita 33 na upana wake milimita 18, yaani kimeizidi stempu ya barua kwa uchache tu; kandokando ya pande zake mbili ndefu vimetobolewa vitundu 12 huku na 12 huku, kila kimoja kimezungushiwa pete ya madini yenye kung'aa; upande mmoja mfupi pamekaa tundu la kuchomekea waya wa USB; na katikati imelala chipu nyeusi ya mraba, ukubwa wake kama punje ya hindi. Jina lake Pro Micro. Lau kingeanguka njiani, mpita njia angekipiga teke asigeuke nyuma, ilhali kwa watu wanaojitengenezea kibodi kwa mikono yao, hiki ndicho moyo wa kazi nzima, na vilivyobaki, kofia za vitufe, swichi, ubao na kasha, ni viungo vya mwili tu.

Naam, wako watu wanaojitengenezea kibodi, ijapokuwa madukani zimejaa tele na nyingine bei yake haizidi mlo wa watu wawili. Wako Marekani, wako Japani na Korea, wako Ulaya. Hununua swichi kwa kuzihesabu mojamoja kama anunuaye shanga, huzipaka mafuta kwa brashi ya mchoraji, na hubishana juu ya mlio wa kitufe kama wapenzi wa taarabu wanavyobishana juu ya mpigaji udi. Swichi inayosifiwa na kuigwa kuliko zote ni ile ya Cherry MX ya Ujerumani, ambayo hushuka milimita 4 lakini huwa imekwisha kuitika ikifika nusu ya safari, ili kidole kisilazimike kupiga sakafu kila mara. Mimi nilipoyaona hayo mara ya kwanza nilicheka, na nilijiona nina haki ya kucheka, kwani nilifunzwa uhazili zama za taipureta, ambapo mwalimu alikuwa akitufunika mikono kwa kitambaa tusipate kuzitazama herufi, na aliyechungulia alionja rula. Kwa mtu wa malezi yale, kibodi ilikuwa kama kibla: imeelekezwa ilikoelekezwa, na kazi yako wewe ni kuifuata.

Na katika taipureta ilikuwa haki iwe hivyo, maana herufi ilikuwa chuma. Ukibonyeza A, mkono wa chuma uliochongwa A kichwani huinuka ukapiga utepe, na hapana dua wala hila itakayoufanya upige B, illa umpelekee mhunzi. Christopher Latham Sholes, mtu wa Milwaukee huko Marekani, alipata hataza ya mashine yake pamoja na wenziwe mwaka 1868; ikachukuliwa na Remington wa jimbo la New York, watu waliokuwa wakitengeneza bunduki na cherehani, wakaitia sokoni mwaka 1874, nayo ikiwa na mpango wa herufi unaokaribiana sana na huu tulio nao hata leo. Juu ya sababu za mpango ule wamebishana wengi, nami sitaki kuingia katika ugomvi wao. Linalonishughulisha ni kwamba ile mikono ya chuma imekwisha kuondoka duniani, lakini mpango umebaki, mfano wa ngazi iliyosimama baada ya nyumba kubomolewa, na watu bado wanaipanda.

Maana leo, wasikilizaji, ukiing'oa kofia ya kitufe chochote katika kibodi hizi za kujitengenezea, hukuti herufi chini yake. Unakuta swichi, na ndani ya swichi unakuta springi na vipande viwili vya madini ambavyo hugusana ukibonyeza na huachana ukiinua kidole. Basi. Kitufe hakijui kama ni A au ni Z au ni nukta, na ile herufi iliyochorwa juu ya kofia ni kama jina lililoandikwa mlangoni, ambalo aliye ndani huenda hajapata hata kulisikia. Anayejua ni kibao hiki. Na namna anavyojua, nikimtaja kwa heshima ya mwenye akili, ndiyo sehemu iliyonivuta mimi nikaacha kucheka.

Tuseme unataka kutambua ni kitufe gani kilichobonyezwa. Njia nyepesi kuifikiri ni kukipa kila kitufe waya wake wa peke yake mpaka kwenye kibao. Walakini katika vile vitundu 24, vinavyoweza kupewa kazi hiyo ni 18 tu, kwa kuwa vilivyosalia ni vya kupitishia umeme, na kimoja ni cha kukianzisha upya kibao kikipotewa na fahamu. Kwa hesabu hiyo ungeishia na kibodi ya vitufe 18, ambayo haitoshi hata alfabeti. Sasa mfikirini mcheza bao. Bao la Kiswahili lina safu nne, na kila safu ina mashimo manane, jumla mashimo 32. Na mtu akitaka kukueleza kete zimekaa wapi, hana haja ya kulipa kila shimo jina lake, bali hukutajia safu, kisha akakutajia shimo la ngapi, ukafahamu. Majina 12, manne ya safu na manane ya mashimo, yametosha kuyaita mashimo 32. Ndivyo zinavyofungwa nyaya za kibodi: vitufe hupangwa kwa safu za mlalo na safu za wima, kila safu ikapewa waya mmoja, na kibao huigusa safu ya kwanza ya mlalo kwa umeme, kikaziuliza zile za wima moja baada ya moja kama kuna yenye jibu, kisha kikaigusa safu ya pili, na ya tatu, kikifika mwisho kikarudi mwanzo, mamia ya mara katika kila sekunde, hata wewe mwenyewe umelala na umesahau kukichomoa. Vitundu 18 vikigawanywa tisa kwa tisa, vinaita vitufe 81. Sijui kama mtu yeyote katika wale waliotufundisha hesabu za kuzidisha alipata kutuambia kuwa zina faida ya namna hii.

Kuna hila moja imejificha humo, nayo inastahili kutajwa kwa sababu ndiyo iliyonigharimu usiku mzima. Ukibonyeza kwa pamoja vitufe vitatu vilivyo katika pembe tatu za mstatili, umeme hupata njia ya kuzunguka nyuma, ukapitia kwa jirani, ukatokea pembe ya nne, na kibao kikaapa kwa dhati kuwa kitufe cha nne nacho kimebonyezwa, ilhali hakuna aliyekigusa. Wenyewe hukiita kitufe hicho mzuka, na jina limesibu. Dawa yake ni dayodi, kijibomba cha kioo kilicho chembamba kuliko kijiti cha kiberiti, chenye mstari mweusi upande mmoja, kazi yake kuupisha umeme uende na kuukataza usirudi. Na kila kitufe sharti kiwe na yake. Mimi nilitia dayodi 42, na moja katika hizo niliigeuza kinyume. Kitufe kimoja kikawa bubu. Nikalitafuta kosa katika programu, nikalitafuta katika swichi, nikamlaumu aliyeniuzia, mpaka karibu na alfajiri nilipoinama na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, nikauona mstari mweusi umetazama kusiko.

Jingine ni dogo: chuma kikigonga chuma hudunda, kwa hiyo mguso mmoja wa kidole huonekana kwa kibao kama miguso kadhaa ya harakaharaka, na kibao hufunzwa kusubiri, aghalabu sehemu tano katika elfu moja za sekunde, mpaka mtikisiko utulie, ndipo kikubali kuwa umegusa mara moja.

Haya, kibao kimekwisha kujua kuwa aliyeguswa ni wa safu ya pili, shimo la tano. Ndipo hufungua daftari lake. Daftari hilo ni jedwali lililoandikwa ndani ya ile chipu, nalo linasema: safu ya pili, shimo la tano, peleka nambari fulani. Nambari, wasikilizaji, si herufi; kwani kwa kanuni za USB herufi a ni nambari 4, b ni 5, c ni 6, ikaendelea hivyo hata z iliyo 29, na kompyuta ikiipokea nambari hiyo ndiyo huitafsiri kwa mujibu wa ilivyoelezwa. Mfaransa akibonyeza kile kitufe ambacho kwetu kimeandikwa Q, kibodi hutuma nambari 20 vilevile kama yetu, lakini kompyuta yake imekwisha kuambiwa kuwa bwana huyu ni Mfaransa, basi huandika a. Kwa hiyo mahali pa kuigeuzia herufi ni pawili, katika kompyuta au katika kibao, na mtu anaweza kuuliza kwa nini basi kuhangaika na kibao. Jibu ni kwamba kompyuta si yako kila mara. Kuna ya ofisini, kuna ya maktaba, kuna ya kukodi kwa saa; ukaiambie kila moja tabia zako, na ukiondoka aliyekufuata akukute umemvurugia. Kibao unakitia mfukoni pamoja na daftari lake, ukakichomeka popote, na kompyuta haijui kuwa kuna lililobadilika.

Na ukubwa wa daftari hilo? Chipu ya kibao hiki, inayoitwa ATmega32U4, ina nafasi ya kilobaiti 32, ambayo ukiijaza maandishi ya kawaida itachukua takriban kurasa 20 za kitabu, na katika hizo kurasa mbili au tatu zimewekwa akiba kwa ajili ya ile programu ndogo inayopokea mafunzo mapya. Kumbukumbu yake ya kazi, ile inayofikiria nayo, ni kilobaiti mbili na nusu, haitimii kurasa mbili. Mtu wa leo akisikia hesabu hizo atadhani nimekosea. Lakini ndani ya nafasi hiyo huingia programu iitwayo QMK, iliyotolewa bila malipo kwa yeyote aitakaye, aisome, aigeuze. Nayo inamruhusu mwenye kibodi kuziweka herufi kwa matabaka, tabaka juu ya tabaka hadi 32, hivi kwamba kitufe kilekile ni herufi hapa, ni tarakimu pale, ni mshale wa kushoto kwengine. Na lililonipendeza kupita yote ni kuwa kitufe kimoja chaweza kuwa viwili kwa muda wa kukaa kwa kidole: ukikigusa ukaachia, kimetoa herufi, ukikikalia kwa zaidi ya sehemu moja ya tano ya sekunde, kimekuwa kile cha kukuzia herufi. Ni tofauti ya mtu aliyebisha hodi na mtu aliyeuegemea mlango, na kibao, kwa akili yake ya kurasa mbili, kinawatenga wawili hawa mara elfu kwa siku bila kuchoka.

Nilipoitafuta nasaba ya kibao hiki nilikuta imepita mahali ambapo sikutarajia. Chipu yake ni ya ukoo uitwao AVR, na ukoo huo ulibuniwa na wanafunzi wawili, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan, katika chuo cha ufundi cha mji wa Trondheim, huko Norwei, miaka ya 1990 ilipokuwa bado michanga. Ubunifu wao ukachukuliwa na Atmel ya Marekani, ambayo nayo mwaka 2016 ilinunuliwa na Microchip. Chipu za ukoo huohuo ndizo zilizotiwa katika Arduino, bodi iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wa sanaa na ubunifu waliotaka kuchezea umeme bila ya kusomea uhandisi. Ila zile bodi za mwanzo zilihitaji chipu ya pili ya kuwa mkalimani baina yao na kompyuta. Hii ya 32U4 inayasema maneno ya USB kwa kinywa chake, na kwa sababu hiyo tu, si kwa nguvu wala kwa kasi, ikafaa kwa kibodi: ukiichomeka, yaweza kujitambulisha yenyewe kwa kompyuta, "Mimi ni kibodi," na kompyuta ikasadiki.

Waliokifupisha kibao mpaka kikafika kipimo hiki ni SparkFun wa Colorado, kampuni aliyoianzisha Nathan Seidle mwaka 2003 akiwa bado chuoni. Wao michoro yao waliisabilia, mfano wa kisima cha njiani: anayetaka kunywa anywe, anayetaka kuteka ateke. Basi wakateka wengi, na nakala zikaenea masokoni kwa bei ya chini, nyingine za kutegemewa na nyingine, kama mtakavyosikia, za kumwombea mtu subira. Lakini lililodumu hasa ni umbo. Kwa kuwa kibodi nyingi zilikwisha kuchorwa zikiwa na vitundu 12 huku na 12 huku, kila aliyekuja baadaye na chipu mpya alilazimika kuivika kanzu ileile. Ni kama kanga: ina pindo, ina mji, ina jina, na kipimo chake mkononi hakikushangazi, kinachobadilika ni ua na maneno. Raspberry Pi wa Uingereza walipotoa chipu yao ya RP2040 mnamo Januari 2021, katika bodi waliyoiuza kwa dola 4, yenye kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 264, yaani zaidi ya mara mia ya hii niliyoishika, Adafruit wa New York waliichukua chipu hiyo wakaitia katika umbo la Pro Micro kwa ajili ya watu wa kibodi. Na wanaotaka kibodi isiyokuwa na waya wanacho kibao kiitwacho nice!nano, umbo lilelile, ndani yake mna chipu ya Nordic Semiconductor. Na hao Nordic, kama mtapenda kujua, makao yao ni Trondheim. Mji mmoja, kule kaskazini ambako wakati wa baridi jua huchungulia kwa saa chache likarudi kulala, umezipa kibodi za watu wa dunia akili yao mara mbili.

Sasa niwasimulie ya kwangu. Kibodi niliyoitengeneza ni ya umbo la Corne, lililobuniwa Japani na michoro yake ikatolewa bure: vitufe 42, imepasuliwa vipande viwili, 21 kwa kila mkono, ili mabega yakae wazi na mtu asijikunje kama aliyeshikwa na baridi. Vipande viwili vinataka vibao viwili, navyo huzungumza kwa waya mfano wa ule wa visikizi. Niliagiza nakala mbili za bei nafuu; kutoka kwa nani, hilo nitalisitiri. Fundi redio mmoja, jirani yangu, alinifundisha kulehemu: pasi iguse pini na pete kwa pamoja, bati lifuate joto na wala lisifuate pasi, ukihesabu mpaka tatu uondoe. Nikalehemu pini 24 upande wa kulia, na 24 upande wa kushoto, nikaona fahari kwa mng'ao wake. Siku ya nne, nilipokuwa nikiinuka nikafungue mlango, mguu wangu ukaukumba waya. Nikasikia mlio mdogo, kama wa kuvunjika kwa ubua. Tundu la USB lilikuwa limeng'oka, na lisingekuwa balaa kama lingeng'oka peke yake; limetoka na vijia vyake vya shaba, vile vyembamba kama uzi wa buibui, vilivyokuwa vimegandishwa juu ya kibao. Nikampelekea jirani yangu. Akakigeuza kwenye taa, akakipuliza, akasema, "Mzee wangu, hapa hapana pa kulehemu. Njia imekufa."

Msiba haukuwa kibao, kwani bei yake haikuwa ya kulilia. Msiba ulikuwa zile pini 24 nilizozilehemu kwa fahari, ambazo sasa zilitaka kufunguliwa zote, na kila ukiyeyusha moja zile 23 zinaishikilia kama ndugu wasiokubali mwenzao aozwe mbali. Tulimaliza baada ya Isha, na ubao wenyewe tukauunguza mahali pawili. Tangu siku ile silehemu kibao moja kwa moja. Natia kwanza soketi, safu mbili za vitundu vilivyo wazi, kisha kibao nakipa miguu myembamba, na miguu iliyo bora, wasikilizaji, ni ile mikia ya dayodi ambayo mtu huikata na kuitupa akimaliza kuzilehemu. Unene wake unaingia sawasawa. Na kabla ya yote nalizungushia tundu la USB gundi ya epoksi, nikaliacha likauke usiku kucha. Wachoraji wa siku hizi wamelitia tundu la namna mpya, lililozama ndani ya kibao badala ya kukaa juu yake, nalo ni imara zaidi, lakini mimi gundi yangu bado naipaka. Aliyeumwa na nyoka, nanyi mnajua.

Hata hivyo haya yote, bao na dayodi na gundi, yalikuwa njia tu. Niendako kulikuwa kwingine. Wale wenzangu wa Seoul na Chicago wanashughulika na mlio, na wengine katika wao, niseme kweli, wana kibodi kumi na hawajaandika kwazo barua moja; mimi sikuingia kwa ajili ya mlio. Niliingia kwa ajili ya kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto. Katika mpango tuliorithi, herufi a imekaa chini ya kidole hicho, kilicho dhaifu kuliko vyote, na kidole cha shahada, chenye nguvu na wepesi, kimekalishwa juu ya f. Kwa Mwingereza huenda jambo hilo si zito. Lakini chukueni salamu yetu ya kila siku, "Habari za asubuhi": ina herufi 15, na nne katika hizo ni a, na f hata moja haimo. Kiswahili kinakwenda kwa a kama jahazi liendavyo kwa upepo. Imo katika mama na baba, imo katika watu na wana, imo katika na, imo katika ya, imo katika wa. Miaka arubaini nimeibeba herufi hiyo kwa kidole kisichoweza kubeba kikombe cha kahawa, na daktari aliponiuliza maumivu yameanzia wapi, sikufikiri kumwambia kuwa yameanzia Milwaukee.

Basi nikalifungua daftari la kibao, nikaiandika nambari 4 mahali pa f, na nambari 9, ambayo ndiyo f, nikaipeleka kwenye kona ya a. Mahali pa q, ambayo haimo katika tahajia ya Kiswahili sanifu, nikaweka agizo la c na h kwa pamoja, maana c kwetu peke yake haina kazi. Na mahali pa x, ambayo nayo haimo, nikaweka n na g na ile alama yake ya juu, hivi kwamba ng'ombe wangu sasa huanza kwa mguso mmoja. Kanuni za USB hazina nambari ya ch wala ya ng', kwa hiyo kibao huzituma mojamoja, haraka kuliko jicho, na kompyuta hudhani nina mkono wa shetani. Q na x sikuzifukuza. Nimezipa chumba katika tabaka la juu, kwa ajili ya majina ya wageni. Zaidi ya hapo sikugusa kitu. Wapo waliobomoa nyumba nzima wakaijenga upya, kila herufi mahali pake pa haki kwa mizani ya hesabu, lakini mimi ni mtu mzima, na mikono yangu ina kumbukumbu ya rula.

Kofia za vitufe nazo niliziacha zilipokuwa, kwa sababu ile ya F ina kinundu kidogo ambacho kidole hukitafuta gizani, nami sikutaka kukipoteza. Kwa hiyo palipoandikwa F panatoka a, na palipoandikwa A panatoka f, jambo ambalo kwangu halina neno, kwani tangu ujana nilifunzwa nisitazame. Lakini mjukuu wangu wa kike hakufunzwa hivyo. Alikuja akitaka kuandika kazi yake ya shule, akabonyeza kidogo, akatulia, akabonyeza tena, kisha akaniita: "Babu, kibodi yako mbovu. Jina langu inalikataa." Nikamweleza yote haya niliyowaeleza ninyi, kuanzia Sholes, naye akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema, "Sawa, Babu. Sasa a iko wapi?"

Nikaona ana haki. Nikakipa kibao tabaka jingine, nikaliita la wageni, ambalo ndani yake kila herufi imo palepale walipoiweka kina Remington, na kitufe kimoja cha pembeni nikakifanya mlango wa kuingilia na kutokea humo. Huyo mjukuu wangu hukibonyeza akija, akaandika kwa raha yake, kisha akaondoka mbio kama watoto waondokavyo, bila ya kukibonyeza tena. Nami narudi kutoka msikitini, naketi, natia mikono mahali pake bila ya kutazama, kama nilivyofunzwa, nikaanza barua kwa salamu. Na kwenye kioo naona pametoka *hfbfri zf fsubuhi*, neno ambalo, wasikilizaji wangu, nimejaribu nyumbani mara mbili kabla ya kuja hapa, na siwezi kulitamka mbele ya maikrofoni.